Hatukuwa na Ishara ya Mtu

Shamba la Stanek,
Bonde la Hynek,
Hillsboro, Wisconsin.
8 Mei, 2011.

Mpendwa shemeji Leonard,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na dada Corinne mkiwa wazima huko Arizona, na kwamba goti lake lililofanyiwa upasuaji sasa linamtii. Mwambie asione haya kutumia fimbo. Sisi huku kwa mwili hatujambo. Kikohozi kilichonisumbua tangu Krismasi kimeniachia, shinikizo la damu la Ervin limetulia, na yule mmoja kati ya ng'ombe wetu tuliyembakiza kwa ajili ya maziwa ya nyumbani amezaa salama, ndama jike. Najua kwenu jua linachoma tayari. Huku Ijumaa asubuhi barafu ilikuwa imelala juu ya nyasi, na mimi nimefunika miche yangu ya kabichi kwa mashuka ya zamani ya mama mkwe.

Leo ni Siku ya Akina Mama. Renae alikuja baada ya misa, akaleta keki, akaosha vyombo bila kuambiwa, ndipo nikajua ana neno. Alikausha sahani moja kwa muda mrefu kuliko inavyostahili sahani yoyote, kisha akasema, "Mama, mwandikie baba mkubwa Leonard. Baba hamsikilizi mtu mwingine duniani." Anataka umwambie ndugu yako aache kuwinda na bunduki itoke humu ndani. Nimemwahidi kwamba nitakuandikia leo hii hii, na kalamu ninayo mkononi.

Lakini nakuomba, shemeji, usimpigie Ervin simu wala usimwandikie mpaka usome yote. Renae ana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe naogopa kuliko yeye, kwa sababu mimi nilikuwepo na yeye alisimuliwa.

Nianzie kwenye masikio. Ulipokuja kwenye mazishi ya mama yenu bado alikuwa akisikia nusu. Sasa hata nusu haipo. Trekta lile lisilo na kibanda, mashine ya kukaushia mahindi, pampu ya kukamulia iliyounguruma asubuhi na jioni miaka yote ile, vyote vimechukua sehemu yao. Ulipopiga simu wakati wa Krismasi ukamuuliza habari za goti la Corinne, alikujibu kwamba theluji ni nyingi. Ulicheka, nilikusikia. Mimi sikucheka, kwa sababu alipokata simu aliniuliza kama amejibu vizuri.

Daktari alimpa vile vidude vya kuweka masikioni. Anasema vinamletea sauti ya uma kwenye sahani kama kengele ya kanisa, ila havimwambii inatoka wapi. Nikimwita kutoka jikoni anatazama dirishani. Nje, upepo ukivuma kidogo, ni mngurumo mtupu. Kwa hiyo vinakaa kwenye mfuko wa shati pamoja na vijiti vya meno.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeamka mwezi wa nne, akavaa nguo zake za mabakamabaka, akachukua bunduki ya marisau na kile kisanduku cha mbao alichochonga baba yenu cha kuitia bata mzinga, akaenda kukaa chini ya mwaloni peke yake. Wewe unaijua kazi hiyo. Dume la bata mzinga mwitu huwezi kulifuata kwa macho, unalifuata kwa sikio. Na unajua pia kwamba vichaka vimejaa wanaume wengine waliovaa kama majani, kila mmoja akiigiza mlio wa jike ili dume lije. Mtu akija upande wako hupungi mkono, unasema kwa sauti ili ajue wewe ni binadamu. Ervin angesemeshwa kwa sauti mpaka kesho na asijue.

Wiki nzima ya kwanza nilisimama kwenye sinki nikiosha vyombo vilivyokwisha takata. Kila bunduki iliyolia huko mlimani ilinikata pumzi. Nikiona kofia yake inashuka kwenye njia ya ng'ombe, ndipo nakausha mikono.

Alikuwa akirudi mikono mitupu. "Hakulia hata mmoja," alisema. "Wamehama, au wamekufa kwa baridi." Na mimi, Leonard, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jikoni kumwangalia, nilikuwa nimewasikia madume wawili wakijibizana juu ya kilima cha Agnes Hynek tangu mapambazuko mpaka jua likapanda. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya pili nilinyamaza pia. Siku ya tatu sikuweza. Nilimwandama mpaka mbele ya uso wake, nikamwambia polepole ili asome midomo yangu: walilia, Ervin, walilia asubuhi nzima.

Alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vyenye matope. Hakukasirika. Aliuliza tu walilia upande gani. Nilimwona akitazama kile kilima kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumbani kwake palikuwa na karamu na yeye alikuwa amelala chumba cha pili. Nikasema nitaenda naye kesho yake. Sikusema kwa sababu ya bata mzinga, nilitaka tu awepo mtu wa kumwambia kama kuna bunduki nyingine karibu.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wewe? Wewe unayezungumza na kabichi?"

"Nitanyamaza."

"Nimekuoa tangu mwaka wa sitini na tano, sijawahi kukuona umenyamaza."

Lakini nilijua amefurahi, maana alikwenda kutafuta nguo zake za zamani zinitoshe.

Tulianza kama mlivyolelewa, kwa Agnes, kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi. Ndugu yako ana ruhusa ya kuwinda shamba lile tangu baba yenu akiwa hai, lakini kila masika lazima aombe upya. Agnes ametimiza miaka themanini na minne na mdomo wake haujazeeka hata siku moja.

"Stanek," alisema, "baba yako aliomba mpaka akafa. Wewe umeomba mpaka umeota mvi. Hao ndege wangu mtawamaliza lini? Wananichimbulia mbegu za mahindi."

"Mwaka huu tuko wawili, mama," Ervin akajibu. Hakuwa amesikia swali, alikuwa amejibu alilolitayarisha.

Agnes akanitazama na zile nguo za mabakamabaka zilizonivuka mikono. "Maskini Bernadine," alisema. Akaniambia pia kwamba mume wa mjukuu wake, Trent, wa Madison, naye atakuja kuwinda, na amemwagiza abaki upande wa kijito, asipande mlimani. Ndani ya pikapu nilimrudishia Ervin maneno hayo kwa kupiga kelele, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya kwanza alinikagua kama sajenti. Kitambaa cha bluu nilichofunga shingoni kikatoka. Soksi nyeupe zikatoka. Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na bluu, na yeyote mwenye rangi hizo msituni anajitafutia marisau. Nilijua hayo tangu zamani, ila kujua ukiwa jikoni na kujua ukiwa chini ya mti ni mambo mawili tofauti.

Tulipanga ishara. Nilikaa kushoto kwake, mgongo kwenye mwaloni uleule, mkono wangu juu ya goti lake. Kidole kimoja, dume yuko mbali. Viwili, anakaribia. Nikivuta goti upande, yuko upande huo. Nikikandamiza kwa kiganja, yuko karibu sana, tulia. Yeye alisugua kifuniko cha kile kisanduku taratibu na jike likatoka humo, jike hasa, lenye kuuliza na kulalamika. Yeye mwenyewe hasikii kitu. Anasema anausikia mtetemo kwenye kiganja. Akimaliza alikuwa ananitazama, nami namwashiria kwa kichwa kama ilikuwa sawa. Mara nyingi ilikuwa sawa.

Hatukupata kitu. Ilinyesha, tukakaa. Nilipiga chafya wakati dume limetoa kichwa kwenye ukingo wa shamba, likaondoka. Siku nyingine majike halisi walichukua dume mbele ya macho yetu wakaenda nalo kwenye malisho ya ng'ombe, na jike letu la plastiki, tulilolisimamisha mbele kama chambo, likabaki peke yake. Nilitoa kupe mgongoni kwa Ervin na yeye akatoa kwangu. Kila asubuhi tukirudi alipitia kwa Agnes, akavua kofia mlangoni, akasema, "Leo hakuna, mama. Ahsante." Kisha akaenda kwenye shamba la Agnes lililolimwa, akaokota mawe yaliyosukumwa juu ya udongo na barafu ya majira ya baridi na kuyarundika kwenye mkokoteni mpaka mgongo ukamkataza. Hivyo ndivyo anavyomshukuru, na wewe unajua kwamba alifanya hivyo hata miaka aliyopata ndege siku ya kwanza.

Na mimi, shemeji, nikaanza kufurahi. Sikutegemea. Nilikuwa nikisikia mlio wa kwanza kutoka kule juu kabla mwanga haujakamilika, nakandamiza goti kwa kidole kimoja, na uso wa ndugu yako unafunguka wote. Hajawahi kunitazama hivyo tangu Renae alipozaliwa. Kwa muda kidogo nilisahau kuogopa, na sasa najilaumu kwa kusahau.

Ilikuwa Jumatano iliyopita. Ukungu ulijaa bondeni. Ervin aliita, tukangoja, akaita tena. Ndipo nikasikia dume likilia upande wa kushoto, chini yetu, penye seng'enge ya mpaka wa malisho. Nikatia kidole kimoja. Likalia tena, karibu zaidi. Viwili. Nikamvuta goti kushoto. Aliinua bunduki polepole, akaiegemeza kwenye goti, mdomo wa bunduki ukaelekea pale pale mkono wangu ulipomwambia. Likalia mara ya tatu, nami nikakandamiza kwa kiganja, moyo ukinidunda kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha.

Kisha nikasikia waya. Unaujua mlio wa seng'enge inapolemewa, ile misumari inavyolalamika kwenye nguzo kutoka moja hadi nyingine. Nimeusikia maisha yangu yote ng'ombe wakiegemea. Ng'ombe wa Agnes hawapo upande ule mwaka huu. Na bata mzinga hana uzito wa kuliza waya.

Hatukuwa na ishara ya mtu.

Tulikuwa na mbali, karibu, kushoto, kulia, tulia. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti la mume wangu na haukuwa na neno la kusema. Neno la mwisho ulilokuwa umemwambia ni kwamba dume limefika. Nilipaza sauti, "Kuna watu hapa! Simama!" na ndugu yako, aliyekuwa bega kwa bega nami, hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye ukungu. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake ulioshika bunduki, nikaubana kwa nguvu zangu zote, nikamvuta kuelekea chini, nikiendelea kupiga kelele.

Mtu alisimama kwenye ukungu. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona mvuke wa pumzi yake. Bunduki yake ilikuwa begani, imeelekea kwetu, kwa jike letu la plastiki, na sisi tuko nyuma ya jike.

Alikuwa ni Trent. Aliishusha ile bunduki kama imemwunguza. "Mama," akawa anasema, "samahani, mama, nilisikia jike, nikalia kama dume ili nimvutie, nikadhani... Mungu wangu. Nilidhani pale hapana mtu." Kumbe mlio ule ulikuwa kichezeo cha mpira anachokitikisa mkononi. Alikuwa amevuka kijito akifuata sauti ya Ervin, akatambaa kuielekea, jambo ambalo baba yenu angewachapa mkilifanya. Simchukii. Ana mtoto wa miezi saba, na alikaa kwenye nyasi zilizolowa akawa hawezi kufungua vifungo vya koti lake.

Ervin alinitazama mdomo, akamtazama Trent, akatoa vile vidude mfukoni, akavivaa. "Alikuwa hapo tangu lini?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Na wewe ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

Alitoa risasi kwenye bunduki moja moja, akazitia mfukoni. Baadaye alinihakikishia kwamba kidole hakikuwa kwenye kifyatulio, kwamba hajawahi maishani kufyatua kabla hajaona kichwa chekundu na zile ndevu ndefu za kifuani mwa dume, na mimi namwamini. Wewe pia unamwamini, ulikua naye. Lakini pale pale alikwenda kwa yule kijana, akampa mkono, akasema, "Ahsante kwa kusimama."

Siku iliyofuata hakuondoka kitandani. Mimi niliamka kwa mazoea, nikajikuta nimevaa, nikamwona amegeukia ukutani macho wazi. Ijumaa vivyo hivyo. Alikunywa kahawa yake saa ya watu wengine, akakaa mezani akitazama mikono yake. Nilisema habari ya ndama, akaitikia kwa kichwa. Nilisema habari ya barafu, akaitikia kwa kichwa. Nikasema uongo, kwamba nyumba inaungua, akaitikia kwa kichwa.

Wiki tatu nzima nilikuwa nimeomba aache. Ameacha, na nimeogopa zaidi kuliko nilivyoogopa nikiwa kwenye sinki. Simu alishaacha. Kucheza karata kule mjini Ijumaa alishaacha, kwa sababu wote wanazungumza kwa pamoja. Kanisani anasimama watu wakisimama. Kilichobaki kilikuwa kilima kile, na sasa nacho amekiacha. Nilimwona anaondoka, Leonard, akiwa amekaa mbele yangu.

Jana aliingia kwenye pikapu bila kusema, nami nikaingia upande wa pili bila kukaribishwa. Alikwenda kwa Agnes. Aliokota mawe kwanza, hata sehemu zisizo na mawe, kisha akaja mlangoni, akavua kofia. Vidude alikuwa amevivaa, kwa hiyo nilijua ni jambo kubwa.

"Mama," alisema, "nimekuja kukurudishia ruhusa yako. Nakushukuru kwa miaka yote. Sitaomba tena."

Agnes alikuwa akikanda unga wa kolachi, vile vimkate vitamu vyenye matunda, mikono yote nyeupe. Hakuacha kukanda. "Nani kakuambia ruhusa inarudishwa? Ni sufuria hiyo?"

"Nilikaribia kumwua mume wa mjukuu wako."

"Yeye ndiye alikaribia kukuua wewe. Nimemwambia, na mkewe amemwambia, na mama mkwe wake atamwambia leo mchana. Kijito nimemwonyesha kwa kidole." Akamtazama Ervin vizuri, akapaza sauti. "Stanek. Kisanduku bado unakiweza?"

"Mikono inakiweza."

"Macho je?"

"Macho mazima."

"Kilichokufa ni masikio tu basi." Hapo akanigeukia mimi, na mimi nikatamani ningebaki kwenye pikapu. "Na wewe masikio unayo. Umesikia waya. Mimi ningekuwa pale ningesikia waya? Nisingesikia hata trekta. Bunduki ashike anayesikia. Yeye aite, wewe ushike."

Nilimwambia kwamba sijawahi kupiga kitu kikubwa kuliko kicheche kwenye banda la kuku, tena nilikikosa.

"Basi jifunze. Ruhusa nimekupa wewe, Bernadine. Kama unataka kumchukua mzee wako akakukalie kando, shauri yako. Lakini hutapanda kilima changu bila kuja kuniomba mlangoni, kama wenzako wote. Omba."

Nikaomba. Mimi, na matope kwenye viatu vya mume wangu vilivyonizidi miguu, nikavua kofia yake nikaomba. Ervin hakuwa amesikia yote, alibaki anatutazama mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia usoni, neno kwa neno. Nilitegemea atakataa. Unakijua kichwa chake. Akasema kwa ile sauti yake ya juu asiyoisikia mwenyewe, "Atapepesa macho. Kila akifyatua anapepesa macho." Agnes akacheka, na mimi nikalia kidogo, na kolachi za plamu akatufungia za kuondoka nazo.

Mchana nilikata kibali mjini kwa jina langu. Yule kijana dukani alidhani namchukulia Ervin, nikamwacha adhani. Jioni tulibandika sahani ya karatasi kwenye robota la nyasi nyuma ya banda. Bega langu la kulia sasa lina rangi ya zabibu, ndiyo maana mwandiko huu umelala. Nilipepesa. Mara ya nne sikupepesa. Ervin alienda mwenyewe kuhesabu matundu, akanirudia ameishika ile sahani juu kama mtoto aliyefaulu.

Na ishara tumeiongeza. Nikishika kifundo cha mkono wake, ni mtu. Anaacha kila kitu, anashusha kichwa nyuma ya mti, na mimi nasema. Tumeifanyia mazoezi mezani, wakati wa chakula, mpaka Renae akatuuliza tuna nini. Hapo ndipo alipoanza kukausha sahani.

Sasa unaelewa kwa nini nimesita. Renae anasema mmoja wa wazazi wake alikuwa kiziwi msituni na sasa wanataka kuwa wawili wazimu. Labda ni kweli. Usiku silali vizuri. Nalala nikisikiliza friji, mbwa wa jirani, maji kwenye bomba, nikijipima. Nina miaka sitini na saba. Sauti ya Renae kwenye simu tayari naisogeza kwenye sikio la kushoto, na hilo sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Siku moja waya utalia na mimi nitadhani ni ndege. Sijui ni siku ipi. Ikija, sitapata taarifa.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Usimwambie aache. Ukimwandikia, mwandikie kuhusu kilima, kuhusu baba yenu, kuhusu lile dume mlilolifukuza mpaka kanisani. Ataisoma mara nyingi. Na Renae akikupigia, mwambie umepokea barua yangu na unafikiri.

Kipindi changu cha kuwinda, kilichoandikwa kwenye kibali, kinaanza Jumatano. Kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita, leo mchana nimemkuta Ervin kwenye veranda anapaka chaki kifuniko cha kisanduku ili kilie vizuri. Alisugua mara moja, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ilikuwa sawa.

Nisalimie sana Corinne, na mwanao Gary na wajukuu, hasa yule mdogo aliyeniandikia kwa kalamu ya rangi. Renae na mumewe wanawasalimu. Agnes Hynek naye anakuuliza, ati bado unaogopa bata bukini wake. Mungu awalinde kwenye joto hilo, na atukutanishe kabla hatujawa wa kubebwa.

Najua dada Corinne ana kikundi chake cha rozari Jumanne. Asituombee bata mzinga. Aniombee masikio.

Mimi shemeji yako, ninayekupenda kama ndugu wa tumbo moja,

Bernadine